Viatu vya Kunyoosha Mgongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Reine alichota maji kwenye pampu, akafagia uwanja, kisha akamsimamia mama yake akilala chali kufanya mazoezi. Kazi hii ya mwisho ndiyo aliyoichukia. Mama yake, Brigitte, alitandika mkeka nyuma ya nyumba yao pale Kashikishi, akakunja magoti, akainua kiuno, akakishusha, akakiinua tena, huku akihema kama samaki aliyetupwa mchangani. Reine alihesabu. Nje ya ua wa matete watoto wa majirani nao walihesabu, kwa sauti kubwa kuliko yake, na walipochoka kuhesabu walicheka.

"Mama, si tungefanyia ndani?"

"Ndani ni padogo, mutoto wangu. Nikiinua mguu nitapiga sufuria."

Mazoezi hayo yalitoka kwa Nesi Chisanga wa kliniki. Mgongo wa Brigitte ulikuwa umemshika siku moja akiwa na beseni la chisense kichwani, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru wanaoanikwa juani. Nesi alimwambia ajinyooshe kila siku, atembee, na asibebe mzigo mzito mpaka yeye mwenyewe amruhusu. Kwa bahati ilikuwa miezi ya kufungwa kwa ziwa, samaki wanapoachwa wazae. Mitumbwi ililala kifudifudi ufukweni, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kubeba.

Lakini miezi hiyo ilikuwa inakwisha. Ba Kalumba, ndivyo walivyomwita kwa heshima, mwenye mtumbwi ambao Brigitte alikuwa akishusha samaki wake, alipita nyumbani kwao na kusema neno lake bila hata kukaa.

"Mama Reine, siku ziwa likifunguliwa nitasimama mwenyewe pale. Anayeweza kubeba, atabeba. Asiyeweza, nafasi yake wanaitaka wengi. Msinikasirikie."

"Hatukasiriki, Ba Kalumba," Brigitte alijibu. "Mutaniona."

Tangu siku hiyo Reine alilala na neno hilo na kuamka nalo. Wao walikuwa wametoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Hapa hawakuwa na shamba wala ndugu. Chakula chao chote kilipita kwanza kwenye lile beseni.

Ndipo akatokea Webby. Webby aliuza viatu vya salaula sokoni, vile vilivyokwisha kuvaliwa na watu wa mbali, na mdomo wake ulifungua duka kabla ya mikono yake. Reine alikuwa akipita tu. Webby akamwonyesha jozi moja nyeupe, yenye soli nene iliyopinda kama tumbo la mtumbwi, hivi kwamba ukiigusa kwa kidole inainama mbele na nyuma.

"Mdogo wangu, hivi si viatu vya kawaida. Ukivivaa, mgongo unanyooka wenyewe, mapaja yanakaza, tumbo linaingia ndani. Kule vinakotoka watu wameacha mazoezi kabisa."

"Hata mtu mwenye mgongo mbaya?"

"Huyo ndiye hasa aliyetengenezewa."

Reine hakumwuliza amejuaje. Alikuwa tayari anauona mkeka umekunjwa na watoto wa majirani wamekosa cha kuhesabu. Alikwenda nyumbani mbio, akamweleza mama yake maneno yote ya Webby, kisha akatia chumvi yake mwenyewe: kwamba hata mwalimu wao anavyo, na mgongo wake umenyooka kama mlingoti wa bendera. Mwalimu hakuwa navyo. Brigitte alifikiri kidogo, akatoa kitenge kipya alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Pasaka, wakabadilishana na Webby.

Siku za kwanza zilikuwa tamu. "Ni kama ninakanyaga mkate," Brigitte alisema. Mkeka ulisimamishwa nyuma ya mlango ukashika vumbi. Jirani yao Bana Chomba, ndiyo kusema mama yake Chomba, ambaye pia alibeba samaki wa Ba Kalumba, aliviangalia vile viatu kwa jicho moja.

"Mwenzangu, unayumba kama mtumbwi uliokosa abiria. Umekunywa nini asubuhi hii?"

"Hiyo ni wivu, Bana Chomba."

"Wivu ninao, lakini ni wa kitenge chako."

Alasiri moja, Brigitte akiwa sokoni, Reine alishikwa na hamu ya kuvijaribu. Akaviingiza miguuni, akajitwika kata ya kitambaa, na juu yake beseni la maji. Tangu utoto alibeba maji bila kumwaga hata tone. Sasa alipopiga hatua, soli zikabingirika, mwili ukafuata soli, shingo ikafuata mwili, na maji yakafuata wote. Yakammwagikia mgongoni. Hatua nyingine ikakuta jiwe dogo. Kifundo cha mguu kikageuka, Reine akaanguka, na beseni likaenda kugonga ukuta.

Alikaa pale kwenye matope akiushika mguu, na akaelewa. Viatu visivyoweza kubeba maji havitaweza kubeba chisense. Ilimpasa amwambie mama yake. Lakini akisema hilo, itambidi aseme na la mwalimu. Kisha mkeka utarudi, na watoto wa majirani pamoja nao.

"Mguu umefanya nini?" Brigitte aliuliza alipoona uvimbe.

"Mpira, mama. Tulikuwa tunacheza."

Brigitte aliufunga kwa kitambaa kilicholowa. Usiku huo Reine alimwona mama yake akilisugua goti chini ya kanga, muda mrefu, uso umekunjamana. Reine akafumba macho kama aliyelala.

Siku ya kufunguliwa ziwa ikafika. Asubuhi mitumbwi ilirudi, injini zikanguruma toka mbali, na ufuko wa Kashikishi ukajaa watu na mabeseni. Kutoka ukingo wa mtumbwi wa Ba Kalumba hadi mchangani uliwekwa ubao mmoja mrefu. Ulikuwa umelowa, unang'aa kwa ute wa samaki. Wanawake wote walikuwa miguu mitupu, isipokuwa mmoja. Ba Kalumba alisimama pembeni amekunja mikono.

Bana Chomba alipanda kwanza. Akajitwika beseni, akateremka taratibu kama anashuka ngazi za kanisa. Aliyefuata alikuwa Brigitte.

Reine alisimama chini, karibu na ubao. Akisema, Ba Kalumba atasikia, na nafasi itakwenda. Asiposema, kuna ule ubao. Brigitte akaweka mguu wa kwanza. Ubao ukainama. Akaweka wa pili. Soli ikabingirika, na mkono wake mmoja ukatafuta hewani kitu cha kushika.

"Mama, shuka."

"Nyamaza, mutoto."

"Viatu hivi ni vibaya. Nilivivaa nikaanguka. Mguu wangu haukuumia kwa mpira. Na mwalimu hana viatu kama hivi. Nilikudanganya."

Mvuvi aliyekuwa ameinua beseni kumpa Brigitte akabaki nalo mikononi. Ba Kalumba akasogea.

"Mama Reine, nitawauliza mara moja. Mgongo umepona au haujapona?"

Neno moja tu lingetosha. Reine aliiona midomo ya mama yake ikijikusanya kulisema. Kisha Brigitte akashuka kwenye ubao, akakaa mchangani, akaanza kuvua viatu.

"Haujapona, Ba Kalumba. Na sasa goti nalo linauma, tangu nilipoanza kuvaa hivi. Sikusema, maana ni mutoto aliyevichagua."

Mwanamke mmoja kijana alikuwa tayari amejitokeza na beseni lake. Ba Kalumba akamtazama, akafungua kinywa. Kabla hajatoa neno, Bana Chomba akaingilia.

"Ngojeni kidogo. Viatu vinasemwa vibaya hapa na hakuna aliyevitetea. Nipeni."

Akajibana ndani yake, akachukua beseni tupu, akapanda ubao. Alipofika katikati akainama mbele, akainama nyuma, akatandaza mikono kama mnandi anayekausha mabawa, akaingia ziwani kwa makalio, beseni nyuma yake. Ufuko mzima ulicheka. Ba Kalumba alijaribu kuuzuia mdomo wake ukamshinda. Mpaka leo hakuna anayejua kama Bana Chomba aliteleza au alijitupa. Ukimwuliza, atakuuliza kama umekula.

"Ba Kalumba," alisema akiwa bado amekaa ndani ya maji, "kama beseni lenu lingekuwa limejaa, leo mngeuza maji. Mtoto huyu amewaokolea samaki. Mama yake mwekeni kwenye kuanika. Vichanja viko juu, hainami, na mikono yake haina ugonjwa."

Ba Kalumba akajifuta macho. "Fungu la kuanika ni dogo, Mama Reine. Halifiki la kubeba."

"Nitalichukua."

"Basi. Na siku nesi akisema umepona, njoo tuongee habari ya beseni. Nesi, si Webby."

Alasiri Brigitte na Reine walikwenda kliniki. Nesi Chisanga aliangalia kifundo, akaangalia goti, akauangalia mgongo. Kisha akauliza mkeka uko wapi, na Brigitte akatazama dirishani. Reine ndiye aliyeeleza yote, tangu Webby mpaka ubao.

"Sisemi havina raha," Nesi Chisanga alisema. "Wako wanaovipenda, wakisimama kutwa mahali tambarare. Lakini waliopima misuli ya watu waliovaa viatu vya namna hiyo hawakuona kwamba inafanya kazi zaidi kuliko ndani ya viatu vya kawaida. Mgongo haunyooki kwa sababu soli imepinda. Na kwa mtu wa mchanga, mawe na mbao, vinamwangusha."

"Kwa hiyo nilivivaa bure," Brigitte alisema.

"Afadhali ingekuwa bure. Kwa sababu yake mliacha mazoezi, na hapo ndipo mlipopoteza. Mwili unapata nguvu kwa kutumiwa, polepole, kila siku. Kazi hiyo hakuna mtu wa kukufanyia, na kiatu hakiwezi. Sasa viko wapi?"

"Bana Chomba amevichukua," Reine alijibu. "Anasema atavivaa kanisani, maana kule anakaa tu kitini."

Nesi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Brigitte hakucheka. Walipotoka nje alisimama kivulini, akamshika binti yake bega.

"Kifundo chako kilijua. Goti langu lilijua. Na sisi wawili tukafunga midomo, wewe ukiniogopa mimi, mimi nikikuogopea aibu. Kidogo tu nivunjike kwa ajili ya kuoneana haya. Tangu leo kitu kikiuma, kisemwe siku hiyo hiyo."

"Hata kama ni jambo nililolitaka mwenyewe?"

"Hilo ndilo la kusema kwanza."