Hatua ya Kutoa Maji

Mitungi ilijazwa asubuhi, na kufika adhuhuri ilikuwa mikavu, vifuniko vimekazwa vilevile. Hapa mtaa wa Pipeline maji huibwa, sikatai, lakini mwizi gani huyo anayefunga mtungi akimaliza?

Hibaq hakujali. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kemia, na bila kufaulu yale maswali ya hatua nyingi, udaktari angeusikia tu. Alizoea kuyaandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma. Jioni moja, adhana ya magharibi ikilia, alikwama pale ethanoli inapogeuzwa etheni, akapiga kelele: "Yeyote anayejua, anisaidie!" Saa hiyo majini yanapotembea, jamani, na mtoto wa Kiislamu! Asubuhi alikuta hatua imejazwa: asidi kali, moto, toa maji. Akafurahi, eti. Akaandika swali jingine, na chaki ikaenda yenyewe.

Kila jibu lilipokuja, chumba kilinuka moto usioonekana, na Bile, mdogo wake anayenyonya, midomo ikazidi kupasuka, mama yao Ruqiyo akimpa titi halitoki kitu, akimpa maji kwa kijiko, kijiko kikikauka kabla hakijamfika mdomoni.

Akaitwa Maalim Aweys. Aliandika aya kwa zafarani ndani ya bakuli, akaziosha kwa maji amnyweshe mtoto. Maji yakatoweka, ikabaki zafarani.

"Hibaq," akanong'ona, "nani anakufanyia maswali?"

"Simjui, Maalim."

"Maji anayotoa ni ya huyu mtoto. Jibu lake lisitoke mkononi mwako tena, ama tutamzika."

Hibaq akaufuta mlango kwa shungi lake, akilia. Bile akameza maji.

Siku ya mtihani, hatua ileile ikamkodolea macho. Aliiruka, akaiacha wazi. Alipofungua tena ukurasa, jibu lilikuwapo, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino mbichi, na Wekulo, msimamizi, alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi, safu baada ya safu, akimkaribia.

Hibaq akairarua yake vipande vipande.

"Wewe! Umerukwa na akili?"

Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta Bile analia, mashavu yamelowa chapachapa. Alhamdulillahi! Akampakata. Naye alitaka kulia, kwa uchungu wa mtihani, kwa kila kitu, lakini machozi hayakuja.

"Mama," akanong'ona, ulimi ukimnata, "nipe maji."

Ruqiyo akamjazia kikombe pomoni. Hibaq akakiinua mdomoni. Kilikuwa chepesi.