Masharubu ya Trevor Yaenda Kupiga Kura

Trevor Haslam alikuwa mwoka pai. Kila siku aliwahi kuamka, akapanda baiskeli yake, akaenda kiwandani. Huko alijaza nyama na viazi ndani ya unga, akafunika, akaoka. Mchana alirudi nyumbani akinukia mchuzi. Paka wote wa mji wa Ramsclough walimpenda sana.

Mkewe, Lorraine, alimngoja jikoni na buli la chai. Lorraine alikuwa na ugonjwa wa nyonga. Tangu mwaka juzi alikuwa kwenye foleni ya upasuaji katika hospitali ya serikali. Ngazi za nyumba alizipanda kwa makalio, moja moja, kinyumenyume.

"Nikifika juu nasahau nilichofuata," alisema. "Basi nashuka tena. Ndiyo mazoezi yangu hayo."

Trevor alicheka, lakini moyoni aliumia. Yeye alikuwa mtu wa Leba, chama cha wafanyakazi. Baba yake alikuwa Leba, na babu yake vilevile. Wahafidhina, chama pinzani, walikuwa wametawala nchi miaka kumi na minne. Kwa maoni ya Trevor, ile foleni ya nyonga ilikuwa kosa lao. Sasa uchaguzi mkuu ulikuwa umetangazwa, na kura zingepigwa mwanzoni mwa Julai. Dirishani kwa Trevor palikuwa na bango jekundu la Leba, kubwa mpaka sebule ikawa na giza.

Ila Trevor mwenyewe alikuwa amekataa kupiga kura.

Sababu ilikuwa aibu. Mwezi Mei kulikuwa na uchaguzi wa madiwani. Trevor alikwenda kituoni kifua mbele, kadi aliyotumiwa na halmashauri mkononi. Alidhani kadi ile ndiyo tiketi. Mezani alimkuta jirani yake, Nasreen.

"Kitambulisho chenye picha, tafadhali," Nasreen alisema.

"Nasreen, mimi ni Trevor. Tunapakana ukuta. Unanisikia nikikoroma."

"Nakusikia vizuri. Lakini sheria ni mpya. Nahitaji picha."

Nyuma yake foleni ilisogea kusikiliza. Katika foleni ile alikuwemo Graham, jirani wa upande wa pili. Graham alikuwa Mhafidhina wa kutupwa, mwenye ndevu nene kama kichaka. Alipunga leseni yake ya udereva kama mtu anayejipepea.

"Mpisheni mgeni," alisema. "Hatumjui."

Watu wakacheka. Trevor akageuka, akatoka, asirudi tena. Tangu siku ile hakumsalimia Nasreen. Hata sambusa zake alizikataa, na sambusa za Nasreen hazikataliwi na mtu mwenye akili timamu.

Alhamisi moja, wiki moja kabla ya kura, Trevor alikuwa uani akimwagilia kabichi. Kichwa cha Graham kikatokea juu ya uzio.

"Mzee wangu, habari za likizo?"

"Likizo gani?"

"Si umestaafu kupiga kura?" Graham alizipapasa ndevu zake. "Nilikuwa nazionea huruma hizi. Sasa naona ziko salama."

Hapo ndipo palipouma. Uchaguzi mkuu uliopita, wawili hawa waliwekeana dau. Wahafidhina wakishinda jimbo la Ramsclough, Trevor angenyoa masharubu. Leba ikishinda, Graham angenyoa ndevu. Leba ilishindwa. Trevor alikuwa na masharubu ya heshima, ya kuvuka mdomo pande zote mbili. Graham aliyanyoa mwenyewe, polepole, huku anapiga mluzi, na tangu hapo Trevor hakuyafuga tena. Dau la safari hii lilikuwa lilelile: ndevu za Graham.

"Jimbo letu watu wanapishana kwa kura chache tu," Graham alisema. "Na wewe moja umeshanisaidia. Asante, jirani."

Kichwa kikazama nyuma ya uzio. Trevor akabaki anamwagilia viatu vyake.

Lorraine alikuwa ameyasikia yote dirishani. "Umemaliza kununa?" aliuliza.

"Sijanuna."

"Trevor, mimi nimejiandikisha kupiga kura kwa posta, kwa sababu ya nyonga hii. Yangu imeshakwenda. Lakini nilitaka twende wote wawili. Wewe kwa miguu, mimi kwa posta. Sasa nimekwenda peke yangu."

Trevor alivua viatu vilivyolowa, akaingia jikoni. Lorraine akafungua dirisha zaidi, akaita kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Nasreen, njoo unisaidie na huyu mtu."

Nasreen alikuja na sahani. Siku za kawaida alikuwa mpishi wa shule. Siku za uchaguzi alikaa meza ya kituo cha kura. Aliweka sambusa mezani, akaketi bila kukaribishwa.

"Jirani, mimi ndiye niliyekurudisha," alisema. "Ningemrudisha hata mama yangu. Lakini ulikimbia kabla sijamaliza kusema. Ungeweza kwenda nyumbani ukaleta kitambulisho. Mlango hufunguliwa saa moja asubuhi, hufungwa saa nne usiku. Anayerudishwa anaruhusiwa kurudi."

"Nirudi na nini? Sina gari, kwa hiyo sina leseni. Kazini wana kadi yenye picha yangu, lakini natoka kama nimeungua pamoja na pai."

"Kadi ya kazini haikubaliki. Kuna cheti cha kupigia kura, hutolewa bure. Unaomba halmashauri, unatoa picha, basi. Ila mwisho wa kuomba ulikuwa jana saa kumi na moja jioni."

Trevor alishusha sambusa aliyokuwa ameifikisha mdomoni. "Jana?"

"Jana."

Kununa kote kule, na mlango umefungwa jana. Trevor alitazama ngazi. Akilini alimwona mkewe akizipanda kinyumenyume kwa miaka mitano mingine, na yeye hajafanya lolote.

"Pasi ya kusafiria je?" Nasreen aliuliza.

"Ile ya kwenda Uhispania? Muda wake ulikwisha zamani."

"Kwisha muda si kitu. Kituoni hatuangalii tarehe, tunaangalia sura. Kama picha bado inafanana na wewe, unapiga kura."

Lorraine alikuwa ameshaanza kupekua droo. Pasi ikatoka, imekunjwa pembe. Wote watatu wakainamia picha. Alikuwa Trevor, mwembamba kidogo, na chini ya pua yamelala yale masharubu.

"Mungu wangu," Trevor alisema. "Huyu ana masharubu. Mimi sina. Graham ameninyoa kitambulisho."

Nasreen alicheka mpaka akashika meza. "Jirani, sura ni sura. Macho yako ni yaleyale, masikio ndiyo hayo hayajifichi. Njoo hivyo hivyo."

Lakini Trevor alikuwa ameshaaibishwa mara moja. Hakutaka mara ya pili. Usiku ule aliufungia wembe kabatini.

Wiki ile alikwenda kazini na kitu chini ya pua. Siku za mwanzo kilifanana na uchafu. Baadaye kilifanana na mswaki uliochoka.

"Trevor, unga umekuganda hapo," Sheila wa idara ya kufungasha alimwambia.

"Si unga. Ni kitambulisho."

Akawaeleza wenzake yote, kwa maneno ya Nasreen. Kumbe hakuwa peke yake. Sheila alikuwa amepita umri wa kustaafu, na alidhani hana kitambulisho chochote.

"Kadi ya basi ya wazee unayo?" Trevor aliuliza.

"Ninayo, lakini hiyo si ya basi?"

"Inafaa. Hata kadi ya kuegesha gari ya walemavu inafaa."

Bethan, mwanafunzi wa chuo aliyefanya kazi za kiangazi, alitoa kadi yake ya chuo. Trevor akatikisa kichwa kama hakimu.

"Hiyo hapana. Una kingine?"

"Nina leseni ya mwanagenzi. Sijawahi kushika usukani. Huwa naionyesha baa tu, wajue umri wangu."

"Baa wanaikubali, na Nasreen ataikubali."

Mpaka Jumatano, kiwanda kizima kilikuwa kinakaguana kadi kama wachezaji wa karata.

Alhamisi ya kura mvua ilinyesha. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, na nje mbwa wa watu walikuwa wamefungwa kwenye uzio, wamelowa, wanawangoja mabwana zao. Trevor alifika amevaa tai. Foleni ilikuwa fupi. Moyo ulimdunda kana kwamba amekuja kuiba.

"Jina lako, tafadhali," Nasreen alisema.

"Nasreen, jana umenipa sambusa."

"Jina lako, bwana. Mimi leo sina jirani na sina chama. Nina penseli tu."

"Trevor Haslam. Nyumba ya kumi na nane, Mtaa wa Kinu."

"Kitambulisho."

Akatoa pasi. Nasreen akaifungua, akatazama picha, akamtazama yeye. Akarudia picha. Macho yake yakakaa juu ya masharubu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

"Ni wewe," alisema. Akamkatia karatasi ya kura, akampa.

Trevor akaingia kwenye kibanda. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi, kama ng'ombe mdogo anayeshukiwa kutoroka. Akaweka alama ya msalaba pale alipotaka, moja tu, asije akaiharibu kura. Akakunja. Karatasi ikaingia kwenye sanduku bila sauti. Kwa Trevor ilisikika kama kengele.

Alipotoka, Graham alikuwa anaingia na mwavuli.

"Umerudishwa tena, mzee wangu?"

"Niulize kesho," Trevor alisema. "Uje na taulo."

Usiku televisheni ilitoa makadirio: nchi nzima ilikuwa imegeukia Leba. Lorraine alipiga makofi mpaka chai ikamwagika. Lakini kwa Ramsclough hakuna aliyejua. Kura zilikaribiana mno. Zikahesabiwa, zikabishaniwa, zikahesabiwa upya. Trevor alilala kwenye kiti na tai yake.

Asubuhi, mkate ukiwa kwenye kikaango, jina la jimbo lao likatajwa. Mgombea wa Leba alikuwa ameshinda kwa kura thelathini na nane.

Trevor hakupiga kelele. Alikaa, akamshika Lorraine mkono, akaanza kuhesabu kwa vidole. Sheila. Bethan. Wale watatu wa tanuri. Dereva wa gari la pai na mkewe. Hakujua nani alimpigia nani, na hakuuliza. Lakini wote walikwenda, na hakuna aliyerudishwa.

"Kiwanda chako kimepiga kura," Lorraine alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. "Nyonga bado inauma, Trevor. Lakini leo inauma kwa raha."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Graham, taulo begani, wembe mkononi. Mhafidhina, ndiyo, lakini mtu wa ahadi.

"Maliza haraka," alisema. "Nisisikie mluzi."

Trevor alipiga mluzi tangu shavu la kwanza hadi la mwisho. Nasreen alikuja kuangalia, na sahani yake, maana sasa uchaguzi ulikuwa umekwisha na angeweza kuwa na majirani tena. Ndevu zilipoisha, Graham akabaki na uso wa rangi ya waridi, laini kama kiazi kilichomenywa. Alijitazama kwenye kioo, akageuka ghafla.

"Trevor," alisema taratibu. "Leseni yangu ina picha ya ndevu."

Jikoni palilipuka kwa vicheko. Graham hakucheka. Alikuwa ameshika kidevu kwa mikono yote miwili.

"Safari ijayo watanirudisha. Mbele ya watu."

Trevor alimsogezea kiti, akammiminia chai, akamwekea sambusa mbili kwenye sahani.

"Kaa, jirani," alisema. "Sura ni sura. Uje na leseni yako hata imekwisha muda, tutakujua kwa masikio. Na ukirudishwa, usinune. Nenda nyumbani, rudi. Mlango uko wazi mpaka saa nne usiku."