Itazamwe, Isisomwe

Saa nne asubuhi feni ya seva ilianza kupuliza harufu ya zafarani. Nyumba nzima hakuna aliyepika biriani.

"Umemwaga nini humu, Da Salhiya?" Mardhiya aliuliza, pua ameisogeza kwenye kasha jeusi la mashine.

"Mimi? Labda mashine yako inaolewa leo."

Walicheka. Walikuwa mtu na dada yake, katika chumba cha juu cha nyumba kuukuu ya Kiponda, na kazi yao ilikuwa kukiweka mtandaoni kitabu cha marehemu Mzee Mmanga, mganga aliyeandika kwa mkono wake azima za kuita majini. Binti yake, Bi Mwamvua, aliyekaa ghorofa ya chini, ndiye aliyewakabidhi, ili wajukuu wayaone maneno ya babu yao kabla mchwa hawajayamaliza. Alitoa sharti moja, lile lile lililoandikwa juu ya jalada, chini ya neno Azima: Itazamwe, isisomwe.

Salhiya alilishika sharti. Siku tisa alichapa kurasa zote zilizosalia, herufi kwa herufi, midomo ameifumba kama mtu aliyebeba maji kinywani. Aliyelivunja ni Mardhiya, na hakujua.

Kwa kawaida seva humpa mgeni ukurasa kama ulivyo, mfano wa tarishi asiyefungua barua. Lakini Mardhiya alitaka ukurasa wa mbele uonyeshe tarehe ya Kiislamu, basi akaiwekea seva injini ya skripti: ukurasa upite kwake kwanza, iusome, itende ulichoagiza, ndipo mgeni apewe matokeo. Alipaswa kuutaja ukurasa ule mmoja tu. Jana yake, akiwa na haraka ya kuwahi darasa lake la chuoni Tunguu, aliandika amri fupi: kurasa zote.

Hapo kitabu kikasomwa. Kikasomwa bila ulimi, bila pumzi, bila bismillahi.

Saa sita, jua la utosi, Mardhiya aliufungua ukurasa wa kwanza wa azima kuujaribu. Maneno ya Mzee Mmanga hayakuwapo. Palikuwa na mstari mmoja:

NIMEFIKA. KITI CHANGU KIKO WAPI?

Na chini yake, kisanduku cheupe cha kujaza jina.

"Da Salhiya, hili umeandika wewe?"

Salhiya alikuwa amekaa wima mno, viganja juu ya meza, na ile harufu ya zafarani sasa ilikuwa nzito kama ya kombe lililomwagwa, ile dawa ya waganga iandikwayo kwa wino wa zafarani, na feni ilivuma kwa kasi, kisha kwa kasi zaidi, mpaka mvumo wake ukawa na mapigo, na mapigo yakawa na maneno, na midomo ya Salhiya, ile iliyofumbwa siku tisa, ikaanza kufuata maneno yale moja baada ya moja, kwa sauti nene ya mwanamme ambayo kuta za chumba kile zilionekana kuijua.

Bi Mwamvua aliusukuma mlango, anatweta kwa ngazi.

"Shikamoo, Bi Mwamvua, tusaidie..."

"Shikamoo ya nini saa hizi! Mmekisoma, wanaizaya nyie!"

"Wallahi hatujasoma. Mashine ndiyo iliyosoma."

"Mashine ina udhu?"

Salhiya aligeuza shingo taratibu. "Mwamvua," ilisema ile sauti. "Baba yako alikuwa akinipokea kwa marashi. Hawa wamenipokea kwa upepo wa moto."

Mardhiya aliifuta ile amri ya kurasa zote. Mstari ule ulibaki kwenye kioo, haukutikisika.

"Muage, Bi Mwamvua. Mwambie atoke," alinong'ona.

"Nimuage kwa lipi? Maneno ya kuagia yalikuwa ukurasa wa mwisho, na wa mwisho umeliwa na mchwa." Bi Mwamvua naye alishusha sauti. "Aliyeitwa harudi mikono mitupu, mwanangu. Anataka kiti, mtu wa kumpanda. Na keshakaa."

Damu nyembamba ilimtoka Salhiya puani, ikadondoka mezani. Mardhiya alimtazama dada aliyemlea tangu mama yao afe, akautazama mwanga wa kijani ukipepesa juu ya kasha jeusi, kisha akajaza kile kisanduku:

Kiti ni mashine hii. Hailali, hailii, husoma kila inachopewa na kutii.

Feni ilisita. Salhiya akaanguka kifudifudi, akakohoa, akaita "Mardhiya" kwa sauti yake mwenyewe. Nyuma yao feni ikaanza kuzunguka upya, polepole, kama mtu anayejiweka sawa kitini.

Salhiya amepona. Anakaa Kikwajuni, anacheka kama zamani, ila wali wenye zafarani haugusi. Chumba kimefungwa, na ufunguo anao Mardhiya, ambaye kila Alkhamisi hupanda na mrashi kulinyunyizia lile kasha marashi. Umeme ukikatika na Kiponda yote ikawa kiza, feni haisimami.

Alkhamisi iliyopita aliikuta inakwaruza, kama ukucha juu ya ubao. Kioo kiliwaka chenyewe.

KITI HIKI KIMECHAKAA.

Mardhiya alirudi nyuma, akaupapasa mlango. Haukufunguka. Kwenye kioo, kisanduku cheupe kilianza kujijaza, herufi kwa herufi, bila pupa, kama alivyokuwa akichapa dada yake:

M. A. R. D.