Upande wa Nyuma wa Picha

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2014, saa nne kamili asubuhi, wino ulikataa kukauka.

Mpiga chapa hakushangaa. Karatasi zenye utando wa kuzuia wino usizame zilikuwa zimekwisha, naye alitia mashineni karatasi isiyopakwa kitu, akijua kwamba wino wake wa eko-solventi, wino wa kiyeyushi uliokusudiwa mabango ya plastiki, ungezama humo na kusambaa. Kama ilivyokuwa desturi yake, alijaribia picha ya bintiye wa miaka sita, Kidoti, akiwa ameketi kwenye kigoda.

"Karatasi hii inakunywa kama iliyolamba chumvi!" alimtania mkewe, aliyekuwa akikata mabango.

Mkewe aliigeuza. Wino ulikuwa umepenya hadi nyuma. Huko Kidoti alionekana kwa ukungu, na mbali nyuma yake alisimama mtu mrefu asiye na uso.

"Baba Kidoti, huyu nani?"

"Doa tu hilo, mama."

Jumanne alichapa tena. Mtu yule alikuwa amemsogelea mtoto. Alhamisi, tarehe 7, vidole vyake viligusa bega la mtoto, na duka zima likanuka udongo uliochimbuliwa karibuni.

Mkewe alimpigia simu mganga. Jibu lilikuwa fupi: "Huyo ni jini. Picha hiyo msiiguse mpaka nifike."

"Mpaka afike lini?" mpiga chapa alinong'ona. "Mkono uko begani tayari! Nikimwondoa mtoto pichani, atamshika nani?"

"Umeambiwa usiguse, mume wangu."

"Kompyuta naijua mimi, si yeye."

Akaanza kumfuta Kidoti kwenye kompyuta, kwanza nywele, kisha gauni, kisha miguu, huku harufu ya udongo ikizidi, na hofu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakutambua ni wakati gani mtoto, aliyekuwa akiimba chumba cha pili, alinyamaza.

Karatasi ikatoka. Kigoda kilikuwa kitupu.

"Umeona? Yamekwisha."

Mkewe aliigeuza karatasi mikononi mwa mumewe. Nyuma, mtu mrefu alikuwa akienda zake, amemshika mkono Kidoti. Na Kidoti alikuwa amegeuza shingo, akiwatazama.

"Kidoti!" mama alipiga ukelele, akakimbilia chumba cha pili. "Kidoti, mwanangu!"

Chumba kilikuwa kitupu.

"Abee, mama," sauti ndogo iliitika, kutoka kwenye karatasi.