Kiti Iko Tayari

Namba ilikataa kupanda, na hilo ndilo lililomsumbua Mbambu kwanza.

Kona ya juu ya skrini ilionyesha joto la kompyuta: nyuzi thelathini na saba. Kompyuta ikikaa bure, thelathini na saba. Ikibebeshwa video ya harusi nzima ya Kitswamba, kamera tatu, kwaya na hotuba za wajomba wasiojua kukaa chini, thelathini na saba. Na asubuhi hiyohiyo Mbambu alikuwa ameingia kwenye mipangilio akaipandisha kasi prosesa yake ya bei ya chini, kupita kiasi ilichoundiwa. Prosesa ukiisukuma namna hiyo huchemka kama sufuria. Kazi yote ni kuipoza isije ikajizima katikati ya viapo.

"Inadanganya," alisema.

"Mashini haijuwe kudanganya," alijibu Ephraïm, mume wake. "Iko baridi juu ya dawa yangu. Useme merci, madame diplôme."

Studio yao ilikuwa chumba kimoja mjini Bwera, nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya mpakani. Ephraïm, mtu wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, alipiga picha. Mbambu, mtu wa Mahango, alihariri. Alikuwa amesoma takwimu chuo kikuu, jambo lililowavutia wateja kiasi cha kumuuliza kama anaweza kuharakisha.

Ile dawa ya kupoza, ambayo hupakwa kati ya prosesa na bamba la kuondoa joto, ilikuwa imekauka. Mafundi wa Bwera hawakuwa nayo. Mmoja alipendekeza dawa ya meno, kwa uso wa mtu aliyeisomea. Ephraïm akaenda soko la Mpondwe, akarudi na kikopo cha Hanifah muuza manukato: malhamu ya rangi ya majivu, inayonukia udi. Mbambu aliicheka, kisha akaipaka. Bwana harusi alikuwa ameshapiga simu mara nyingi mno.

Kesho yake feni ya kompyuta ilisimama. Mbambu aliinama akaitazama: mapanga yake tuli, na buibui mdogo ameanza kujenga. Lakini mvumo wa feni ulikuwa bado chumbani. Alizima redio. Alitega sikio ukutani, akatega chini ya meza, kisha akamwendea mumewe aliyekaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya skrini, akalaza shavu mgongoni mwake kama afanyavyo akitaka kumbembeleza, na mvumo ulikuwa humo, ndani ya mbavu, laini, wa kasi, usiokatika hata alipovuta pumzi.

"Ephraïm, unasikia?"

"Nasikia nini? Siko mugonjwa. Niko na joto kidogo tu."

Alikuwa amevaa koti, na jua lilikuwa la utosi.

Zahanati ilimpima malaria, haikuonekana. Wakampa vidonge vya homa na ushauri wa kunywa maji, ule ushauri wanaopewa watu wote wenye magonjwa yasiyo na jina. Aliporudi hakwenda kulala. Alikaa tena kwenye kiti chake, mikono magotini, akiitazama namba kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mbambu aliendelea na harusi. Alipobonyeza kitufe cha kuunganisha video, namba ilisogea kwa mara ya kwanza: thelathini na nane. Na tisa. Nyuma yake Ephraïm akaguna. Mbambu akasimamisha kazi, namba ikateremka, na mguno ukakoma. Mtu mwingine angekimbia. Mbambu alikuwa amefundishwa kwamba jaribio moja si ushahidi, akamtia mumewe kipimajoto kwapani, akabonyeza tena, akasimama pale akiziangalia namba mbili, ya skrini na ya kwapa, zikipanda pamoja kama pacha wanaopanda ngazi wameshikana mikono, hadi arobaini na kitu, hadi jasho la Ephraïm likaanza kunukia udi.

Akasimamisha kazi. Takwimu ilikuwa imemwishia.

Hanifah alikuwa mjane wa askari, na Kiswahili chake alikileta kutoka Mombasa. Mbambu alimkuta sokoni akifuta chupa za marashi.

"Mama Hanifah, uliuzia bwana yangu nini?"

"Alichoomba. Dawa ya kupoza."

"Ya kupoza kompyuta!"

Hanifah akaiweka chupa chini. "Kompyuta? Mwanangu, yeye alisema, 'Tunapandisha, inachemka, tunatafuta ya kupoza.' Mtu akija kwangu akasema anapandisha, mimi nasikia anapandisha jini. Nikamuuliza, je, kiti kipo? Maana jini hapandi hewani. Humkalia mtu, na huyo mtu ndiye kiti."

Pale prosesa inapokaa ndani ya kompyuta, kwenye vitundu vyake, Ephraïm hupaita kiti.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kiti iko tayari. Ni ya kwangu mwenyewe.' Alicheka hata. Nikasomea kikopo, nikamfungia."

"Na hukuuliza mara ya pili?"

"Mimi nauza tu," Hanifah alinong'ona. "Mjuzi alikuwa bibi yangu. Mimi nilirithi sanduku na maneno ya kufungulia."

"Na ya kufungia?"

Hanifah akachukua mtandio wake na chetezo.

Njiani alitoa kila alichokumbuka, nacho hakikufika mbali: aliyempandisha ndiye amshushe, tena ngazi kwa ngazi. Jini akiangushwa ghafla hujishikilia kwenye kiti, na kiti huvunjika.

"Basi umeme isikatike," alisema Mbambu, na mara akajuta, kwa sababu Bwera maneno hayo hayasemwi kwa sauti. Betri yao ya akiba ilikuwa imekufa tangu mvua zilizopita.

Wakafunga mlango wa studio, Ephraïm akiwa bado kitini. Moshi wa ubani ukajaa. Mbambu akaingia kwenye mipangilio, akaishusha kasi prosesa kwa ngazi ya kwanza. Mvumo ndani ya Ephraïm ukalegea kidogo. Ngazi ya pili. Akafumbua macho, akamtazama kweli, yeye mwenyewe.

"Mbambu yangu," alisema. "Iko moto humu. Shusha pole pole, usiniache."

"Siachi. Niko hapa, Ephraïm. Niko hapa."

Ngazi ya tatu. Shingo yake ikanyooka.

"Kiti hiki ni changu," alisema. "Kilijitoa chenyewe, nami nimekizoea."

Miaka yote Mbambu alikuwa amemtania kwamba kwake dunia nzima ni "ya" na "iko", kwamba hajapata kuiweka "ki" hata moja mahali pake, na sasa zote zilikaa, moja baada ya nyingine, safi kama meno, katika kinywa kile alichokipenda.

"Endelea!" Hanifah alinong'ona. "Usimjibu, shusha!"

Alishusha, na mvumo ukapungua, na rangi ikaanza kumrudia Ephraïm mashavuni, na zilikuwa zimebaki ngazi mbili tu, kidole cha Mbambu kikiwa juu ya kitufe na Hanifah akirudia sala aliyokuwa ameisahau katikati akiruka mahali palepale kila mara, pale taa ya dari ilipofifia, ikajikaza, kisha ikazimika, na mtaa mzima ukaguna kama unavyoguna siku zote umeme ukikatika, kwa uchovu tu, bila kujua.

Mvumo ukakoma.

Ephraïm alitoka kitini kama nguo inavyoteleza kwenye kamba. Walimlaza kwenye mkeka, wakamwita, wakampepea, Hanifah akamsukuma kifua. Ni Mbambu aliyeinua macho akaona kwamba skrini haikuzimika. Waya zote zilikuwa zimekufa, na namba bado iliwaka. Thelathini na tano. Thelathini na moja. Iliteremka bila haraka, ikapita pale ambapo mtu huweza kurudi, ikatulia kwenye ishirini na sita: joto la meza, la ukuta, la mkeka.

Mbambu alipapasa nyuma bila kutazama, kama mtu aliyechoka anavyofanya, akavuta kilichokuwa karibu.

"Usikae!" Hanifah akapiga ukelele. "Mwanangu, usikae hapo!"

Lakini Mbambu alikuwa ameshakaa. Plastiki ilikuwa na joto. Mvumo ukaanza tena, laini, karibu naye sana, na kwenye skrini namba ikaanza kupanda, ikapanda, ikasimama kwenye thelathini na saba.