Filimbi Ndefu ya Wilfred

Haya yalimkuta rafiki yangu Flaviana, mkimbiaji wa Tegeta, na mpaka leo ukimgusia anakasirika upya.

Kocha wake, Wilfred, alikuwa na sheria moja: hakuna kusimama mpaka apulize filimbi ndefu. Siku moja akamtukana Flaviana na wenzake wakiwa bado wanakimbia, akapanda bodaboda, akaondoka bila kuipuliza. Flaviana akajiendea zake nyumbani. Tangu hapo, kila akilala anaota anakimbia, na anaamka mapaja yanamuuma, amechoka kuliko alivyolala.

Jioni moja akaenda kwa kocha kurudisha jezi. Umeme ulikuwa umekatika. Hakutoa hata shikamoo.

"Jezi yako hii. Mie sikimbii tena. Umenikamua mpaka usingizi umekuwa adhabu. Kwani mie punda?"

Wilfred hakuipokea. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bado una uso wa kuja hapa? Kila usiku unaizunguka nyumba yangu mbio. Mke wangu halali, mie silali."

"Nani, mie? Usiku mie niko kitandani kwangu."

Hapo wakasikia vishindo. Nje, gizani, mtu alikuwa anaizunguka nyumba mbio, na soli yake ya kushoto iliyobanduka ilikuwa inapiga chini, pa, pa, pa. Flaviana aliijua soli ile, ya kiatu chake. Akainama kutazama miguuni. Viatu alikuwa amevivaa mwenyewe.

Wilfred akaipapasa filimbi shingoni, akapuliza ile ndefu, ya kusimama, mpaka pumzi ikamwishia.

Nje, miguu ikaongeza kasi.