Mkono wa Kushoto

Mkono wa kushoto wa majeruhi ulikuwa na joto. Muuguzi wa ambulensi hakulipenda jambo hilo, kwa sababu uso wa majeruhi ulikuwa umepauka, na jasho lililomtiririka shingoni lilikuwa la baridi. Lakini mapigo ya mkono ule yalikuwa mazito, ya taratibu, kama ya mtu aliyeshiba na kujilaza.

Majeruhi alikuwa mdogo wa mwisho wa muuguzi huyo, fundi wa kupaka rangi, aliyeteleza juu ya jukwaa la ujenzi na kuangukia ubavu.

"Anavuja?" aliuliza dereva, ambaye watu walimwita Breki kwa sababu hakuwahi kuzigusa.

"Hana kidonda. Mapigo ni mazuri."

"Hata ya wale wawili yalikuwa mazuri," Breki alisema, kwa sauti ya chini.

Alikuwa na haki ya kuwataja. Wale wagonjwa wawili walifia getini pa hospitali, matumbo yamejaa damu, baada ya muuguzi kuwashika mkono na kuridhika. Mashine ya presha ya ambulensi ilishakufa, wakubwa wameahidi nyingine, na ahadi za wakubwa unazijua. Kwa hiyo muuguzi alipima kwa vidole. Vikimwambia mtu anavuja ndani, alipiga simu damu iandaliwe kabla hawajafika. Akiitisha bure aligombezwa kama mtoto, maana damu haikuwahi kutosha.

"Dada," mdogo wake alinong'ona. "Nasikia kiu. Na baridi."

"Tunafika, mdogo wangu."

"Mwambie huyo asinibane mkono."

"Nani?"

"Huyo uliyekaa naye."

Muuguzi hakugeuka. Madirisha yalikuwa yamefungwa, jua la mchana linapiga bati, lakini ndani kulianza kunuka udongo uliolowa, harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Kiti chake kilikuwa upande wa kushoto wa machela, ndiyo maana miaka yote alishika mkono wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa ukutani, na nani ahangaike kuuvuka mwili wa mtu gari likiyumba?

Sasa aliuvuka. Aliinama juu ya kifua cha mdogo wake, akaupapasa mkono wa kulia, akaukuta baridi kama bomba la maji, na mapigo yake, alipoyapata, yalikuwa membamba, yanakimbia, yanapotea, yanarudi, yanapotea tena, huku chini yake tumbo limekaza kama ubao, na huku nyuma yake vidole vya ule mkono wa kushoto vikijikunja polepole juu ya kifundo cha mkono wake mwingine, vya moto, vikimshika vile vile yeye anavyowashika wagonjwa, kana kwamba vinampima.

"Breki," alisema kwa shida. "Kuna kitu humu. Kinanipa mapigo yake chenyewe, si ya mdogo wangu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Breki alijibu. "Piga simu, dada yangu. Piga."

Alipiga. "Andaeni damu. Anavuja ndani." Kisha akainamia ule mkono na kuusihi bila aibu: "Huyu ndiye niliyebaki naye. Mama aliniachia mimi. Nakuomba, mwache." Mapigo yaliruka mara moja, kama mtu aliyezuia kicheko, yakaendelea.

Hospitalini mifuko miwili ya damu ilikuwa tayari imesogezwa mlangoni. Daktari aliushika mkono wa kushoto, akaufunga mashine ya presha, akakunja uso.

"Hii presha ni nzuri kuliko yangu. Nani kaitisha damu? Kuna mama anavuja chumba cha uzazi."

"Daktari, mkono huo si wake. Shika wa kulia, nakuomba."

Daktari alimtazama kwa huruma ya mtu anayeona mwenzake kachoka, lakini aliushika. Muuguzi naye akaushika pamoja naye. Ulikuwa na joto. Mapigo yake yalikuwa mazito, ya taratibu.

"Mdogo wangu," aliita, machozi yakimdondoka. "Mwambie unavyojisikia. Mwambie una kiu."

Midomo ile myeupe ilifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa tulivu, si ya mdogo wake, bali ya mtu mzima, yenye adabu zote.

"Mimi sina shida, daktari. Mpelekeeni mama damu."